Mashanza kwa mtoto mwenye mzio wa maziwa

SWALI: Mwanangu wa miaka miwili akinywa maziwa ya ng'ombe hutokwa na vipele na midomo kuvimba, na daktari amesema ni mzio. Jirani ananishauri nimpe mashanza (maziwa ya mgando), eti bakteria wake hutuliza kinga ya mwili. Farmasi nao wameniuzia kapsuli za probayotiki, yaani bakteria hai. Je, vitamponya? (Mama wa Kadutu, Bukavu)

JIBU: Mama, mashanza yaweke kando leo hii. Maziwa yakiganda hupungua sukari yake, yaani laktosi, lakini protini zinazomdhuru mtoto, kasini ikiwamo, hubaki. Huenda jirani anawafikiria watu wanaojaa gesi tumboni wakinywa maziwa. Hayo ni maradhi mengine kabisa.

Wazo lenyewe la bakteria, hata hivyo, lina msingi. Katika mzio wa namna hii mwili hutengeneza kingamwili za IgE, ambazo hukaa juu ya seli fulani na, protini ya maziwa inapozigusa, seli hizo humwaga histamini, kemikali ya kuleta uvimbe na vipele, ndipo midomo huvimba. Utumboni mna pia seli T za udhibiti, zenye kazi ya kuuzoesha mwili chakula, na baadhi ya bakteria, wanapochachua nyuzinyuzi za mboga na maharagwe, hutoa butireti, aina ya asidi, inayozisaidia seli hizo kuongezeka. Kwa panya wa maabara jambo hili limeonekana vizuri.

Kwa watoto, matumaini yamepungua. Huko Australia, jaribio lililochapishwa 2015 lilionyesha kwamba wengi wa watoto wenye mzio wa karanga, waliopewa bakteria Lactobacillus rhamnosus pamoja na karanga kidogo kidogo chini ya uangalizi wa madaktari, waliacha kudhurika nazo. Ila halikuwa na kundi lililopewa karanga bila bakteria. Jaribio la watoto 201, lililochapishwa 2022, lilikuwa nalo: waliofaulu kwa karanga na bakteria walikuwa asilimia 46, na kwa karanga pekee asilimia 51. Bakteria hawakuongeza kitu.

Kuhusu kapsuli, soma kikaratasi chake, kwa kuwa baadhi hubeba mabaki ya protini za maziwa. Mimi fedha hiyo ningenunulia sambaza (samaki wadogo wa ziwani), zikasagwa nzima na mifupa yake kwa ajili ya kalsiamu, mradi mtoto hazimdhuru. Watoto wengi huachana na mzio wa maziwa wanapokua, kwa hiyo mrudishe kwa daktari apimwe tena, usimjaribu nyumbani. Akianza kupumua kwa mlio kama wa filimbi au kukosa pumzi, mkimbize hospitali achomwe adrenalini.