Maswali na Majibu: Tarehe 5 Mei ya Wameksiko

Tulipoitaja kwa kupita Cinco de Mayo, yaani "Mei Tano" kwa Kihispania, siku ya kukumbuka pigano la Puebla nchini Meksiko, wasomaji wengi waliuliza zaidi. Haya hapa baadhi ya maswali yao. Ni historia ninayoipenda sana, kwa hiyo mtanivumilia pale ninapokawia.

Nafanya kazi kwenye ghala huku Dallas, Marekani. Kila Mei 5 wenzangu hunywa bia na kusema ni siku ya uhuru wa Meksiko. Ni kweli? (Msomaji, Dallas)

Si kweli, ndugu yangu, ingawa wanaoamini hivyo huko uliko ni wengi mno. Uhuru wa Meksiko huadhimishwa Septemba 16. Alfajiri ya siku hiyo mwaka 1810, padri Miguel Hidalgo aliamuru kengele ya kanisa igongwe katika mji mdogo wa Dolores, akawaita waumini wake wauasi utawala wa Uhispania. Vita vilichukua miaka 11, na Hidalgo mwenyewe hakuuona mwisho wake. Alipigwa risasi mwaka 1811.

Mpaka leo, usiku wa Septemba 15 inapokaribia saa tano, rais hutoka kwenye roshani ya Kasri ya Taifa jijini Meksiko, akagonga kengele ileile iliyoletwa kutoka Dolores mwaka 1896, akawataja mashujaa mmoja mmoja, na umati uliojaa uwanjani ukaitikia "¡Viva!" kwa kila jina. Mwaka 2025 shughuli hiyo iliongozwa na mwanamke kwa mara ya kwanza, Rais Claudia Sheinbaum. Mei 5 ni habari nyingine kabisa.

Kama si uhuru, basi siku hiyo kulitokea nini? Naomba uanzie mwanzo. (Msomaji, Dodoma)

Mwanzo wake ni deni. Meksiko ilikuwa imetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka mitatu na hazina ilikuwa tupu. Rais Benito Juárez, mtu wa Wazapoteki, moja ya makabila ya asili ya Meksiko, kutoka kijiji cha Guelatao, aliyefiwa na wazazi wake akiwa mtoto wa miaka mitatu, alitangaza Julai 1861 kwamba serikali inasimamisha malipo ya madeni ya nje kwa miaka miwili. Hakuyakana madeni, alitaka muda. Oktoba mwaka huohuo Uingereza, Uhispania na Ufaransa zilikutana London zikakubaliana kupeleka manowari Veracruz, bandari ambako ushuru wa forodha ulikusanywa.

Madai ya Ufaransa yananikera mpaka leo. Ndani yake mlikuwa na hati fungani za mwenye benki mmoja Mswisi, Jecker. Aliwakopesha mahasimu wa Juárez wakati wa vita fedha ambazo hata peso milioni 2 hazikufika, nao wakamsainia hati za milioni 15. Sasa Juárez alitakiwa alipe milioni zote 15. Waingereza na Wahispania walipobaini kwamba Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, anaitaka nchi yenyewe, waliondoka Aprili 1862. Wafaransa wakapanda bara kuelekea mji mkuu.

Jenerali wao, Charles de Lorencez, alikuwa na askari wapatao 6,000. Siku chache kabla ya pigano alimwandikia waziri wake wa vita kwamba Wafaransa wanawapita Wameksiko mno kwa asili, kwa mpangilio na kwa nidhamu, na kwamba akiwa na watu wake 6,000 yeye tayari ni bwana wa Meksiko. Kwenye mji wa Puebla alimkuta Ignacio Zaragoza, jenerali wa miaka 33, na jeshi dogo kuliko lake, ambalo ndani yake walikuwamo wakulima wa milimani waliobeba mapanga.

Juu ya mji kuna kilima chenye ngome mbili, Loreto na Guadalupe. Lorencez aliamua kukipanda moja kwa moja. Mizinga yake ilifyatua kutoka mbali, ikala risasi nyingi na kuta zikabaki zimesimama. Askari wakapanda, wakarudishwa. Wakapanda tena, wakarudishwa tena. Alasiri ikashuka mvua kubwa, mteremko ukawa tope, na watu waliokuwa wakijivuta kuelekea handaki la ngome wakaanza kuteleza huku wanamiminiwa risasi kutoka juu. Upande wa Wafaransa waliouawa na kujeruhiwa walipita 400. Jioni Zaragoza alipeleka telegramu mji mkuu: silaha za taifa zimejivika utukufu. Mei 9, siku nne tu baadaye, Juárez aliitangaza tarehe hiyo kuwa sikukuu ya taifa.

Shikamoo. Nimesoma kwamba mwaka uliofuata Wafaransa waliuteka Puebla. Sasa wanasherehekea nini? (Mwanafunzi, Mombasa)

Marahaba, mwanangu. Umesoma sawasawa. Napoleon III aliongeza maelfu ya askari, Puebla ikazingirwa kuanzia Machi 1863 na ikaanguka Mei 17 baada ya miezi miwili ya njaa na mizinga. Zaragoza hakuwepo, alikuwa amekufa kwa homa Septemba 1862, miezi minne tu baada ya ushindi wake. Mwaka 1864 Wafaransa walimleta Maximilian, mwana wa ukoo wa kifalme wa Austria, wakamtawaza kuwa mfalme wa watu ambao wengi wao hawakumtaka.

Juárez aliihamisha serikali yake mji hadi mji kuelekea kaskazini, mpaka Paso del Norte mpakani mwa Marekani, mji ambao leo unaitwa Ciudad Juárez. Vita vya ndani vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, serikali ya Washington ilianza kuibana Ufaransa, na Napoleon akawaondoa askari wake. Maximilian alikamatwa Querétaro, akapigwa risasi Juni 19, 1867.

Wapo wanaosema kwamba bila Puebla, Ufaransa ingewahi kuwasaidia majimbo ya Kusini ya Marekani yaliyopigania utumwa, na historia ya dunia ingegeuka. Mimi siendi mbali hivyo. Ninachokiona ni kwamba Wafaransa walicheleweshwa mwaka mzima, na kwamba watu walioandikwa barua ya dharau kama ile waliwaona kwa macho yao askari mashuhuri wa Ulaya wakigeuza migongo. Miaka mitano ya mateso iliyofuata, kumbukumbu hiyo ndiyo waliyoishikilia.

Nimesikia kwamba Waafrika walipigana katika vita hivyo. Kuna ukweli? (Msomaji, Kampala)

Upo, na ni wa kuhuzunisha. Homa ya manjano iliwamaliza Wafaransa pwani ya Veracruz, kwa hiyo Napoleon III alimwomba mtawala wa Misri, Said Pasha, ampe askari weusi, kwa kuamini kwamba wao wataihimili. Januari 1863 Wasudani 447 walipakiwa melini Alexandria. Wengi walikuwa watu waliotekwa utumwani na kuingizwa jeshini kwa nguvu. Walilinda reli na barabara za pwani ya Veracruz mpaka mwaka 1867, ndipo waliobaki wakarudishwa.

Jeshi hilohilo la Wasudani wa Misri ndilo lililokuja kuwatoa askari wa Emin Pasha, gavana wa Misri katika jimbo la Equatoria kusini mwa Sudan, ambao wazao wao ni Wanubi wa Bombo huko kwenu na wa Kibera, Nairobi. Na kinachoniuma zaidi: Meksiko ilikuwa imeupiga marufuku utumwa tangu 1829, kwa amri ya Rais Vicente Guerrero, aliyekuwa na damu ya Kiafrika. Watu waliotekwa utumwani walipelekwa kupigana dhidi ya nchi iliyokuwa imewafungua watumwa wake zaidi ya miaka 30 kabla.

Mbona Marekani wanaisherehekea kuliko Meksiko yenyewe? (Msomaji, Nairobi)

Ilianza mapema. Wenye asili ya Meksiko waliokuwa California walizipokea habari za Puebla kwa shangwe, wakaunda vikundi vya kuchangia fedha za kumsaidia Juárez, na tangu miaka hiyo ya 1860 wakawa wanaiadhimisha. Karne moja baadaye, vijana wa vuguvugu la haki za Wamarekani wenye asili ya Meksiko waliichukua kuwa siku ya kujivunia asili yao. Makampuni ya bia yaliingia kwa kishindo miaka ya 1980, na hapo ndipo vita vilipoanza kusahaulika. Meksiko kwenyewe shule hufungwa, lakini sheria ya kazi haiihesabu miongoni mwa siku za mapumziko ya lazima.

Huko Puebla siku yenyewe huwaje? Nataka kuwaeleza wanafunzi wangu. (Mwalimu, Arusha)

Mwalimu, waeleze kwanza gwaride: wanajeshi, wanafunzi na bendi za shule hupita barabarani kwa saa nyingi, na familia huwahi asubuhi kutafuta kivuli. Vijana wa jeshi la kujenga taifa la huko hula kiapo mbele ya bendera.

Kisha waeleze Peñón de los Baños, mtaa wa jijini Meksiko jirani na uwanja wa ndege. Hapo wakazi huigiza vita vyote, tangu mazungumzo ya wanadiplomasia hadi shambulio la kilimani. Wanaoigiza wakulima wa milimani hujipaka masizi usoni na kubeba bunduki zinazojazwa baruti tupu. Moshi unakuwa mzito na wenyeji huziba masikio. Nafasi ya kuwa Zaragoza si ya kila mtu.

Na chakula. Puebla ndiyo kwao mole poblano, mchuzi mzito wa pilipili za aina kadhaa zilizokaushwa, ufuta, karanga, lozi, mdalasini, karafuu na chokoleti kidogo, unaomwagwa juu ya bata mzinga. Pilipili hutolewa mbegu na kukaangwa kwanza, ndipo vyote visagwe mpaka vilainike. Mpishi wa Unguja angezitambua harufu nyingi jikoni humo.

Jirani zetu Wameksiko wametualika Mei 5. Tuvae nini, tuseme nini? (Msomaji, Minneapolis)

Vaeni nguo zenu nzuri. Zile kofia pana za plastiki na masharubu ya bandia yanayouzwa madukani msiguse. Wameksiko wengi huona wanadhihakiwa. Msiwape hongera ya uhuru. Pelekeni sahani ya sambusa, kisha waulizeni wanatoka jimbo gani. Wakiwa wa Puebla, watajieni Zaragoza, halafu kaeni msikilize, maana mtasimuliwa mpaka usiku.