Usianze na kipande cha zile waya mbili

Mkuu acha, usibonyeze hiyo klipu! Unauliza kwa nini Genesis of the Daleks, hadithi ya sehemu sita ya Doctor Who, ile tamthilia ya sai-fai ya BBC, inapendwa mpaka leo, halafu unasema utacheki kipande cha waya kwanza, kikikunogea ndo utafute ile iliyofupishwa ya dakika 85. Mimi niliingizwa hukohuko na jamaa mmoja anayejiita mjuzi wa sai-fai, eti hapo ndo pana utamu, kwingine ni kukimbizana makoridoni tu. Yule bwana kaniharibia kitu ambacho hukipati mara ya pili, nina hasira naye mpaka leo.

Maana kwenye klipu unaona nini? Tom Baker, ndo Doctor mwenyewe, msafiri wa wakati, kashika waya mbili, akizigusanisha tu Dalek wachanga, wale viumbe wauaji wa ndani ya mashine, wote wanateketea kwenye chumba chao cha kutotolea, naye anajiuliza kama ana haki hiyo. Unaishia kusema mbona anazubaa huyu, si aunganishe! Kwa sababu hujapita naye sehemu tano za kabla ya hapo. Hujaiona Skaro, sayari ya Dalek, mataifa yake mawili, Wakaled na Wathal, wamepigana miaka 1,000 mpaka sayari imebaki jangwa. Hujamwona Davros, mwanasayansi wa Wakaled aliyewaunda Dalek, Michael Wisher ndani ya kinyago anaigiza zaidi kwa sauti, anawapa adui siri ili kombora lao lifute mji wa watu wake mwenyewe. Na hujamsikia Doctor akimuuliza, ungekuwa na kirusi cha kuua viumbe wote, ungekiachia? Davros anawaza kidogo, kisha anakubali na raha inampanda kabisa. Ukitoka hapo ndo zile waya zinakuwa nzito, kwa sababu sasa swali lilelile limemrudia Doctor. Na Terry Nation aliyeandika alikuwa mtoto kule Cardiff wakati wa vita ya Hitler, ukiwaangalia Wakaled na sare zao nyeusi na saluti zao utajua anamsema nani.

Yale machaza makubwa ya sehemu ya 3 ni mabovu kweli, vumilia.

Hiyo ya dakika 85 BBC waliirusha Desemba 1975, miezi michache tu baada ya sehemu zote sita kutoka Machi na Aprili, na karibu saa nzima imekatwa. Isiwe ya kwanza kwako. Tafuta sita kamili, kila moja kama dakika 25, angalia moja kwa usiku, na ikikatikia pabaya zima ukalale hivyohivyo, hasa ya 2 pale Sarah, mwenzake Doctor safarini, anapoporomoka kwenye kiunzi cha roketi. Mtu akikutumia klipu ya waya kabla hujafika ya 6 mpige bloku.