Ng'ombe akishakamuliwa, asilale kwanza

Ng'ombe wangu wa kwanza wa maziwa alizaliwa na chuchu nne, leo nakamua tatu. Ya nne ipo, inaning'inia kama nyingine, ila haitoi kitu. Niliiua mwenyewe, kwa pumba.

Nilikuwa namwekea pumba zote wakati wa kukamua ili atulie, kama nilivyoona kwa wengine. Anakula, nakamua, naondoka na ndoo yangu. Pumba zimeisha, maziwa yameisha, yeye abaki amesimama afanye nini? Analala pale pale, kiwele juu ya mavi na mkojo. Wiki chache baada ya kuzaa, robo ya kiwele, ile ya nyuma kushoto yenye chuchu yake, ikavimba, ikawa ya moto na ngumu, maziwa yakatoka na mabonge. Daktari wa mifugo alipofika, kabla hata hajafungua mkoba wake, akaniuliza: "Akishakamuliwa huwa anafanya nini?"

Siku hiyo ndipo nilipokijua kile kimfereji kilichoko kwenye ncha ya chuchu. Ni kifupi, kama sentimita 1 hivi. Kuta zake zina utando kama nta, wa asili moja na kucha na pembe, unaonasa vijidudu, na kimezungukwa na msuli unaokibana. Ukikamua, msuli unalegea. Ukimaliza, haubani papo hapo; huchukua nusu saa, saa nzima, hata zaidi. Muda wote huo mlango uko wazi, na mimi nilikuwa namwacha aulalie uchafu.

Na ng'ombe hana akiba. Mama anayenyonyesha ana vitundu kadhaa kwenye kila chuchu, farasi jike kwa kawaida ana viwili, ng'ombe ana kimoja tu. Halafu robo nne za kiwele hazipitishiani maziwa. (Mimi nilidhani ni mfuko mmoja wenye mabomba manne.) Robo ikifa, imekufa na maziwa yake.

Siku hizi wakati wa kukamua anapata konzi mbili tu za kumshughulisha mdomo. Nikimaliza nachovya kila chuchu kwenye dawa ya iodini, kisha ndipo najaza hori majani na pumba zilizobaki. Anakula amesimama, mlango unajifunga taratibu. Gharama yake ni ile ya dawa ya kuchovya, kwa sababu chakula ni kile kile, nimebadilisha saa tu.

Kuna wanaoingiza bua la nyasi kwenye chuchu inayotoa maziwa kwa shida, eti wanaizibua. Nakuomba, usifanye. Unakwangua ile nta na kusukuma uchafu ndani kwa mkono wako mwenyewe. Hata tyubu ya dawa ya kiwele, daktari alinionyesha kusafisha kwanza ncha ya chuchu kwa spiriti, kisha kuingiza ncha ya tyubu kidogo tu, milimita 3 hivi, si kuizamisha yote. Na kukamua ni kuminya kwa kiganja kizima. Kuvuta kwa vidole viwili kunachubua.

Michirizi ya kwanza ikamulie kwenye kikombe kilichofunikwa kitambaa cheusi, mabonge utayaona mapema. Ukitumia dawa, maziwa ya siku zilizoandikwa kwenye pakiti yamwage, hata kama mteja yuko mlangoni.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu ni la kumkausha. Siku kama 60 kabla ya kuzaa unaacha kukamua, na ile nta hujikusanya ikawa kizibo ndani ya kimfereji. Mimi nilikuwa naminya kidogo kila baada ya siku mbili, nione kama yamekauka, na kila nilipominya nilikuwa nakitoa kizibo ambacho mwili wake ulikuwa umeanza kukitengeneza.