Usilifungue hilo faili: filamu haina haja ya kusoma meseji zako

Ndugu mleta mada, usilifungue hilo faili. Umeandika kwamba umenunua televisheni ya inchi 43, kwamba mwenzako wa kazini amekutumia kwa WhatsApp faili la APK, yaani la kusakinisha programu ya Android, la kutazamia filamu zote bure, na kwamba simu yako inakataa kulisakinisha. Kisha ukatuomba tukueleze namna ya kuondoa hicho kizuizi, ukaongeza maswali kuhusu kisanduku cha TV na kifurushi cha intaneti. Hayo mengine yasubiri kidogo. Kizuizi unachotaka kukiondoa ni ndugu wa kile nilichokiondoa mimi kwa mkono wangu mwenyewe, huku nikifuata maelekezo ya video ya dakika mbili, na kilinigharimu shilingi 1,340,000 ambazo nyingi hazikuwa zangu.

Wakati huo nilikuwa mweka hazina wa kikoba cha ukoo wetu. Nilichaguliwa, kwa maneno ya shangazi yangu aliye mwenyekiti, kwa sababu "huyu anaelewa mambo ya simu". Mnaotaka kucheka chekeni sasa, kwa sababu huko mbele hakuna nafasi.

Faili langu nililipata kwenye chaneli ya Telegram ambayo msimamizi wake alikuwa akituita "familia". Lilikuwa dogo, megabaiti sita tu, na badala ya kushtuka nilifurahi kwamba halitakula bando. Lilipofunguka lilionyesha mabango ya filamu yaliyopangwa vizuri, na katikati yake maandishi ya Kiswahili cha kuokoteza yakidai kwamba programu inahitaji kusasishwa kwanza. Nikabonyeza. Ikaomba ruhusa ya kusakinisha programu nyingine, nikaipa. Ikaomba kusoma na kutuma meseji, nikaipa pia. Mwisho ikanipeleka kwenye zana za ufikivu, ile sehemu ya mipangilio iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa macho au wa mikono, ambayo programu ikikabidhiwa inaweza kusoma kila kilichoandikwa kwenye kioo na kubonyeza vitufe kwa niaba yako.

Hapo simu ikagoma. Tangu toleo la 13 lililotoka mwaka 2022, Android huizuia programu iliyosakinishwa kwa faili la nje ya Play Store isikabidhiwe zana za ufikivu mpaka mwenye simu aende mwenyewe kwenye taarifa za programu, abonyeze vidoti vitatu vya juu na kutoa idhini kwa hiari yake. Naomba ulitafakari jambo hili, kwa sababu ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo: watengenezaji walijenga geti mahususi kwa ajili ya mwizi wa aina hii, na mwizi, kwa kuwa hana ufunguo, akanirekodia video ya kunifundisha jinsi ya kumfungulia. Nikamfungulia. Nilimwandikia hata "asante sana mkuu" chini ya video yake.

Nilitazama filamu moja na nusu. Ukigawanya hasara kwa dakika nilizotazama, kila dakika ilinigharimu zaidi ya shilingi elfu nane, na hiyo moja niliyoimaliza haikuwa nzuri.

Siku ya tatu simu ilianza kupata joto ikiwa imelala tu mezani, na bando la wiki likaisha kwa siku moja, nikaulaumu mtandao. Siku ya tano, asubuhi, nilifungua programu ya benki ili nimtumie binamu yangu mkopo wake wa kikoba, nikakuta salio la shilingi 4,200. Hakukuwa na meseji hata moja ya muamala. Taarifa ya akaunti niliyochapishiwa benki ilionyesha kwamba fedha zilitoka mara nne, kati ya saa nane na saa tisa usiku, wakati simu ikiwa kwenye chaja karibu na mto wangu. Programu ile ilikuwa imenakili namba yangu ya siri siku niliyoiandika, ikasoma namba za uthibitisho zilipoingia kwa meseji, kisha ikafuta meseji zenyewe kabla sijaamka. Afisa aliyenihudumia alikuwa mpole sana, na upole wake ndio ulionimaliza: "Namba ya siri ni sahihi, namba ya uthibitisho ni sahihi, simu ni yako. Kwa mfumo wetu, aliyetuma ni wewe."

Nilijaribu kuiondoa nikashindwa, kwa sababu kila nilipoifikia kwenye mipangilio, kioo kilirudi chenyewe mwanzo kana kwamba kuna mtu mwingine aliyeshika simu, na kwa kweli alikuwapo. Wakati huohuo ilikuwa imekwisha kutuma kiungo kwa namba zote zilizo kwenye simu yangu. Wanakikoba wote ishirini na wawili walipokea ujumbe kutoka kwa mweka hazina wao ukiwaambia "filamu zote bure, bonyeza hapa", akiwamo mke wa mchungaji, ambaye alinipigia kuniuliza kwa sauti ya chini ni filamu za aina gani.

Nilimrudia yule msimamizi wa chaneli. Akanijibu, "Zima uwashe, familia," kisha akanitoa. Mtu huyo aliwahi kuandika kwamba anafanya yote hayo kwa kujitolea, ili wanyonge nao waone filamu kama matajiri, nami niliamini, kana kwamba kuna mtu anayekesha kuhifadhi maelfu ya filamu, kulipia seva na kujibu maswali yetu ya kijinga kwa mapenzi tu. Simchukii sana yeye, maana kuiba ndiyo kazi aliyochagua. Ninaowakasirikia ni wale wanaoapa humu kwamba "mimi naitumia mwaka mzima haina shida". Mimi pia niliapa hivyo, kwa siku nne, na nilimtumia kaka yangu.

Kwa hiyo sina kanuni kumi za kukupa, ninayo moja: programu ya filamu ikiomba kusoma meseji zako au kutumia zana za ufikivu, ifute kabla hujamaliza kusoma sababu iliyoandika. Filamu inahitaji kioo, spika na intaneti. Nami nimeivuta kanuni hiyo mpaka pale ambapo mke wangu huniona nimezidi: chochote cha filamu kisichotoka Play Store hakiingii kwenye simu yenye laini ya pesa, hata kikiletwa na malaika.

Kisanduku cha TV kinaangukia humohumo. Juni 2025 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya nyumbani, vikiwamo visanduku vya bei rahisi vya kutazamia filamu, ambavyo vingine huwa vimeshawekewa programu hasidi kabla ya kumfikia mnunuzi, na vingine huipata pale mtu anapopakua programu za kuviandaa. Intaneti ya nyumba yako hugeuka maficho ya wahalifu wasiokujua wala usiowajua. Muuzaji akikuambia kwanza uzime Play Protect, ile kinga ya Google inayokagua programu, au akikisifu kwamba "kimefunguliwa chaneli zote", mrudishie kisanduku chake. Isitoshe, kama televisheni yako ni ya kisasa na ina duka lake la programu, hukihitaji kabisa.

Nyumbani kwangu sasa tunatazama YouTube kwenye chaneli za watayarishaji wenyewe, ambako filamu nyingi za Kibongo hupatikana bure bila wizi wowote, na AzamTV Max niliyoipakua dukani. Mwezi ambao mfuko unaruhusu ninalipia Netflix kwa kadi ya mtandaoni iliyo kwenye laini ya pembeni, ambayo ninaijaza kiasi cha mwezi huo tu. Angalia usije ukanunua mpango wao wa simu kwa sababu ya bei yake nafuu ukitegemea hiyo inchi 43, kwa kuwa mpango huo hauonyeshi kwenye televisheni. Ubora wa picha nimeushusha, maana wa kawaida hula takriban GB 1 kwa saa, na wa HD unaweza kufika GB 3.

Kama umeshalifungua hilo faili, acha kusoma. Washa hali ya ndege na uzime WiFi, chukua simu ya mtu mwingine uipigie benki yako na kampuni ya simu wazuie akaunti na laini, badilisha nenosiri la Google ukitumia kifaa kingine, kisha irejeshe simu katika hali ya kiwandani. Usipoteze muda kuiwinda programu yenyewe kama nilivyofanya mimi kwa saa tatu nzima, nikishindana na kidole nisichokiona.

Fedha za kikoba nilimaliza kuzirudisha mwezi wa nne. Daftari na hazina anavyo shangazi mwenyewe siku hizi, na simu yake ni kiswaswadu.