Maswali ya Wasomaji: Lord Denning, kodi ya fremu na Mahakama Kuu Tabora

SWALI: Ndugu Mhariri, nasoma sheria na likizo hii najitolea kwenye ofisi ya wakili hapa Tabora. Kila kitabu ni Lord Denning. Ni nani huyu, na je, nikimnukuu kwenye hoja za maandishi, jaji wetu analazimika kumfuata? – Mwanafunzi, Isevya

JIBU: Halazimiki. Denning alikuwa jaji wa Uingereza. Sura ya 358 ya sheria zetu inataja tarehe 22 Julai 1920 kuwa ndiyo ya kupokelewa kwa sheria ya Uingereza. Siku hiyo Denning hakuwa hata wakili. Uwakili aliupata 1923. Hukumu zake zote ni za baada ya tarehe hiyo, kwa hiyo kwetu ni za kushawishi tu, hazimfungi jaji. Anza na uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania, unapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII, kisha Denning aje kuunga mkono. Ukianza naye, jitayarishe kuulizwa ya nyumbani umeyaacha wapi.

Alizaliwa 1899 Whitchurch, Hampshire, baba yake akiwa muuza vitambaa. Alisoma hisabati Oxford, akapigana Ufaransa na kikosi cha wahandisi wa jeshi, akafundisha hisabati mwaka mmoja, ndipo akarudi Oxford kusoma sheria. Ujaji 1944, Mahakama ya Rufani 1948, Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa, 1957. Kisha 1962 akashuka kwa hiari yake: akarudi Rufani akiwa Master of the Rolls, kiongozi wa majaji wa kesi za madai. Hiyo ilikuwa hesabu tu. Kwa Malodi kesi husikilizwa na watano, naye alizidiwa kura mara nyingi. Rufani huketi watatu, na mpangaji wa nani aketi kesi ipi alikuwa yeye.

SWALI: Mwenye fremu alinipunguzia kodi kutoka 150,000 hadi 100,000 kwa mwezi biashara ilipodorora. Sasa mambo yamechangamka, anadai tofauti ya miezi yote ya nyuma. Jirani kaniambia Denning ananilinda. – Mpangaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Jirani yako anaisema kesi ya High Trees, ya 1947. Jengo la nyumba za kupanga London lilikodishwa 1937 kwa pauni 2,500 kwa mwaka. Vita ikaondoa wapangaji, mwenye jengo akakubali nusu, pauni 1,250. Mwanzoni mwa 1945 nyumba zikajaa, na baadaye mwaka huo ikadaiwa kodi kamili. Denning aliamua kwamba kodi kamili ilipwe kwa robo mbili za mwisho za 1945, kwa kuwa shida iliyoleta punguzo ilikuwa imekwisha. Kwamba ile tofauti ya miaka ya vita isingedaika, aliyasema hayo pembeni, maana haikuwa imeombwa. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanayanukuu maneno ya pembeni kana kwamba ndiyo hukumu.

Tena hoja hiyo, ya kumzuia mtu kugeuka ahadi yake, ni ya kujitetea, haianzishi madai. Katika Combe dhidi ya Combe, 1951, mtalaka aliyedai pauni 100 kwa mwaka alizoahidiwa na mumewe wa zamani alishindwa, na Denning mwenyewe alikuwa miongoni mwa majaji.

Kwako wewe, kitakachopimwa ni ushahidi. Kusanya risiti za 100,000 zenye jina la mwezi, meseji za punguzo na maneno ya aliyekuwepo mkikubaliana. Risiti iliyoandikwa “sehemu ya kodi” itakuumiza, kwani inaonyesha salio lilibaki. Kuanzia sasa usitegemee punguzo: akishakupa taarifa, kodi kamili inarudi. Na punguzo lijalo liandikwe, lenye tarehe ya kuanza na ya kukoma, msaini wote.

SWALI: Ni kweli Denning alistaafu na miaka 83? Majaji wetu mbona wanatoka mapema? – Msomaji, Ujiji

JIBU: Kweli. Katiba yetu inaweka miaka 60 kwa Jaji wa Mahakama Kuu na 65 kwa wa Rufani. Uingereza iliweka ukomo wa miaka 75 mwaka 1959, lakini kwa walioteuliwa baada ya hapo. Denning alikuwa jaji tangu 1944. Kilichomtoa 1982 ni kitabu chake kilichowatuhumu wajumbe weusi wa jury, yaani raia walioamua kesi, katika kesi moja ya Bristol. Walitishia kumshtaki, akaomba radhi, akaondoka. Alifariki Machi 1999 akiwa na miaka 100.