Cheti cha polisi kisafi, sasa nimpe kazi?

SWALI: Anti shikamoo, mi ni yule msomaji wako wa kimyakimya. Nimefungua kaofisi ka kutafutia watu walezi wa kutunza wazee na wagonjwa majumbani, mpaka sasa nina wafanyakazi saba. Juzi kaja kijana mmoja CV imenyooka, cheti cha mafunzo anacho, cheti cha polisi hakina doa, ila nilivomuuliza mbona umehama sehemu nne ndani ya miaka mitatu akacheka tu akasema "ni maisha bosi". Mwenzangu ananiambia polisi wameshamsafisha we unataka nini tena, mpe kazi wateja wanasubiri. Mi roho inasita. Hivi cheti cha polisi si ndo kinachotakiwa kisheria, au naanza kuwa mbea? – Bosi Mchanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujawa mbea, roho ikisita isikilize kwanza. Cheti cha polisi kinajibu swali moja tu, kwamba mpaka siku kilipotolewa huyu mtu hakukutwa na kesi kwenye rekodi walizoangalia wao, basi. Hakikwambii habari za mtu aliyeitwa pembeni akaambiwa andika barua uache kazi tuyamalize humuhumu, na kwenye hospitali na nyumba za wazee hiyo barua ya kuacha kazi imeficha mambo mazito sana.

Chukua huyu nesi wa Ujerumani, Niels Högel. Hospitali ya Oldenburg walishaanza kumtilia shaka mana zamu zake wagonjwa walikuwa wanakufa hovyo, wakaachana naye 2002 na barua nzuuuri ya kumsifu, akaenda nayo Delmenhorst akapokelewa, akaendelea na sindano zake mpaka 2005 nesi mwenzake alipomfuma. 2019 mahakama ikamtia hatiani kwa kuua wagonjwa 85. Kule Marekani nesi mwingine muuaji wa wagonjwa, Charles Cullen, alizunguka hospitali za New Jersey na Pennsylvania miaka 16 mpaka alipokamatwa 2003, kukiwaka huku anahamia kule, na waajiri wa zamani wakipigiwa wanaogopa kushtakiwa kwa hiyo wanajibu alifanya kazi tarehe hii mpaka hii, kwaheri. Ndo maana 2005 New Jersey wakatunga sheria kwamba hospitali ikiulizwa na hospitali nyingine habari za mtu na wagonjwa wake iseme ukweli, na ikisema kwa nia njema isishtakiwe.

Sasa sheria kila nchi ina yake na we soma ya kwako, ila ukizilinganisha utaona zipo ambazo haziishii polisi. Uingereza kwa mfano, kituo cha kulea watu kinatakiwa kiwe na historia yote ya kazi ya mtu, pengo lolote lielezwe kwa maandishi, na kama alishafanya kazi ya kulea watoto au watu wazima wanyonge mwajiri ahakikishe kwa kadri inavowezekana KWA NINI aliacha. Hapo ndo swali lako lilipo bosi, yani hilo swali ulilomuuliza kijana sio umbea, ni sheria mahali pengine. Halafu kuna orodha ya waliopigwa marufuku kufanya kazi hii ya ulezi, ukimwajiri mtu unajua yumo ni kosa la jinai na we mwenyewe unaingia. Marekani nako serikali ina orodha ya waliozuiwa kulipwa kwa hela ya bima za umma, iko wazi kwenye intaneti, inaboreshwa kila mwezi, na mwajiri akiipuuza faini inamuhusu.

Kwa huyo kijana fanya hivi. Leseni usiangalie fotokopi, ingia kwenye rejista ya baraza lenyewe linaloitoa, tafuta namba, ulinganishe na kitambulisho, mana watu wanaazimana leseni kama miavuli. Muulize kama aliwahi kutumia jina jingine, jina likibadilika na rekodi inabaki kwenye lile la zamani. Kisha zile sehemu nne zipigie ZOTE, na usipige namba aliyoandika kwenye CV (unaweza ukapokelewa na binamu yake akajifanya meneja), tafuta namba ya ofisi mwenyewe uombe kuunganishwa na aliyekuwa msimamizi wake. Swali langu mimi huwa moja, "akirudi leo utampokea?" Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, ule unyamavu uandike. Na majibu yakichelewa usimwache peke yake na mgonjwa, afanye zamu na mwenzie.

Inawezekana pia ni kijana mzuri tu aliyekuwa analipwa kwa kuchelewa kote huko, kazi hii ina mishahara ya kukimbiza watu. Simu ndo itakwambia.

SWALI: Anti mi niko upande wa pili. Nikiwa na miaka 19 nilipigana nikatozwa faini, sasa nina 34 na naomba kazi ya ulezi. Fomu inauliza nishawahi kutiwa hatiani, nikaze moyo niandike hapana? – Nimebadilika

JIBU: Usithubutu mdogo wangu. Kwanza soma fomu imeulizaje, mana baadhi ya nchi makosa madogo yakishakuwa ya zamani yanatolewa kwenye cheti na huruhusiwi hata kuulizwa. Kama lazima useme, sema wewe kabla karatasi haijasema. Yanayofunga mlango kabisa ni kama kumtesa mgonjwa, kumtelekeza, kumuibia mzee, hayo sheria za Marekani kwa mfano zinazikataza nyumba za wazee kukuajiri. Ugomvi wa miaka 15 iliyopita waajiri wengi wanaupima, uongo wa wiki iliyopita hawaupimi. Na wakikukataa omba uione ripoti, kompyuta za kutafuta rekodi zinachanganya majina, unaweza kukuta umebebeshwa kesi ya mtu mwingine mnayefanana jina. Alama za vidole ndo zinakutenganisha naye.

SWALI: Tunamtafutia mama mlezi sisi wenyewe bila kampuni, hizo sheria zinatuhusu? – Watoto wa Mama

JIBU: Nyingi zinabana vituo na kampuni, nyie hamna mkaguzi atakayegonga mlango. Kwa hiyo ongeeni na familia mbili alizofanyia kazi, ana kwa ana kama inawezekana, wiki za mwanzo mmoja wenu awepo nyumbani, na vidonge vya mama vihesabiwe kila jioni. Kadi ya benki asipewe, hata kwa kwenda kununua mkate.