Wadogo zangu, acheni kuisingizia adapta

Nyie mnaoshuti harusi huku Mtwara na Lindi nawapenda sana, ila hili la zambarau limenichosha. Kila hela ya korosho ikiingia harusi zinapamba moto, na mimi naletewa klipu zilezile, shela lina mstari wa zambarau pembeni, mtu kashakata shauri kwamba adapta, kile kipande cha kuungia lenzi ya kamera nyingine, ni feki.

1. Kwanza ingiza kidole kwenye adapta. Kikitokea upande wa pili hamna kioo, ni bomba tu. Lenzi ya EF ya Canon inakaa milimita 44 kutoka kwenye sensa inayonasa picha, maunti ya E ya Sony, yaani pale lenzi inapofungwa, iko milimita 18, kwa hiyo katikati una milimita 26 za hewa, na hewa hiyo haikuletei zambarau. Zenye kioo ndizo za kushuku: spidibusta, ile adapta ya kuongeza mwanga, au ya FD (lenzi za zamani za Canon) kwenda EF.

2. Fungeni apecha jamani, lile tundu la lenzi la kupitishia mwanga, namba ikiwa ndogo ndo liko wazi zaidi. Kuna dogo mmoja anajituma kweli, kashuti Mikindani saa saba mchana, bahari inawaka nyuma, lenzi ya 50mm iko wazi 1.8 na ND, kichujio cha kupunguza mwanga, kaikaza mpaka mwisho ili apate blari, ule ukungu wa nyuma. Kaona zambarau, malipo ya ile harusi kanunulia adapta nyingine, zambarau ikabaki palepale. Iliniuma. Tukaivuta picha mpaka asilimia 200, nyuzi za shela zilizo mbele ya fokasi zina zambarau, makuti ya nyuma yana kijani, na hereni ya bibi harusi hapo katikati ni safi kabisa. Hiyo ni lenzi, ikiwa wazi hivyo inashindwa kuzikutanisha rangi zote sehemu moja. Angelegeza ND akafunga mpaka 4, sehemu kubwa ingeondoka, na blari angeipata kwa kusogea karibu!

3. Rangi zikiwa pembeni mwa fremu tu, nyekundu huku kijani kule, kufunga apecha hakusaidii, malizana nazo kwenye kuediti. Lenzi iliyotengenezewa kamera yenyewe mara nyingi kamera inaisafisha kimyakimya, ukipitia adapta isiyo na pini za kuwasiliana na lenzi kamera haijui umevaa lenzi gani, ndo unaiona ilivyo. Ila zikizidi upande mmoja tu, angalia kama adapta haijakaa mshazari, hapo kweli inaweza kuwa ndo mbaya.

4. Makuti kwenye anga jeupe ni balaa kwa zambarau, hamisha watu.

Na mkiniletea klipu leteni ya kwenye kadi, ya WhatsApp imebanwa mpaka kingo hazisomeki.